Kasa Irudi Wapi? Skripti za Uhariri na Mafaili ya Ukanda wa Dhahabu

Faili la sampuli za uchorongaji halina simulizi. Lina mistari tu: namba ya sampuli, namba ya shimo, mashariki, kaskazini, mwinuko, kutoka mita fulani hadi mita fulani, na mwishoni gramu za dhahabu kwa tani moja ya mwamba. Mstari wa 400 unafanana na wa 401, na yote miwili inafanana na wa 4,000. Ndiyo maana swali la wapi kasa inabaki baada ya skripti kupita kwenye faili, swali ambalo miongozo mingi ya programu hulimaliza kwa aya moja, ni zito kwa wanaoshika takwimu za Geita na Kahama kuliko linavyoonekana. Anayehariri barua akijikuta ametupwa aya tatu mbele atagundua hapo hapo, kwa sababu maneno yanayomzunguka si yale aliyokuwa akiyasoma. Anayejaza gramu kwa tani hagundui. Ataingiza 0.45 kwenye sampuli ya jirani, atahifadhi faili, na kosa litasafiri mpaka kwenye hesabu ya mashapo.

Kasa ni kile kimstari kinachopepesa kwenye kioo kuonyesha herufi inayofuata itaangukia wapi. Kwa kompyuta ni namba mbili: ya mstari na ya safu. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta ni zaidi ya hapo, ni mahali alipofika kwenye kazi. Karatasi ya mjiolojia iko mezani, kidole cha mkono wa kushoto kimegota kwenye kipande cha mita 87 hadi 88, na anapoinua macho anategemea kukuta mstari huo huo kwenye kimo kile kile cha kioo. Sasa anaita fankisheni, kipande cha skripti alichojiandikia au alichoandikiwa, ifute nafasi tupu zilizobaki mwisho wa kila mstari. Kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi, kazi hiyo hufanywa na amri moja, %s/\s\+$//e. Nafasi zote zinafutika kwa mkupuo mmoja. Kasa nayo inahamia kwenye mstari wa mwisho uliobadilishwa, ambao unaweza kuwa maelfu ya mistari chini.

Fankisheni nyingi hufanya kazi kwa kuisogeza kasa yenyewe: panda juu, tafuta, futa, shuka, rudia. Zikimaliza, kasa inakuwa pale kazi ilipokomea. Lakini mtumiaji hakuomba kusafirishwa. Aliomba faili lisafishwe.

Si kila kuhama ni kosa, na hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ipo fankisheni ya kwenda na ipo fankisheni ya kutenda. Inayotafuta mstari unaofuata wenye kipimo kilichoachwa wazi lazima ihamishe kasa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Inayobadilisha jina la wilaya kwenye faili zima haina sababu ya kumhamisha mtu hata herufi moja. Mwandishi wa skripti ambaye hajajiuliza anaandika ya aina gani atawaudhi watumiaji wa pande zote mbili.

Mikoa ya Geita na Shinyanga ina sababu zake za kuhitaji mabadiliko ya mkupuo. Mwaka 2012 mkoa wa Geita ulianzishwa. Wilaya ya Geita ilitoka Mwanza, Bukombe ikatoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera, na Mbogwe na Nyang'hwale zikaanza kama wilaya mpya. Mwaka huo huo Bariadi, Maswa na Meatu ziliondoka Shinyanga zikaingia Simiyu. Mtu mwenye rejista ya kabla ya hapo ana mamia ya mistari inayosema Bukombe iko Shinyanga na Geita iko Mwanza. Kuirekebisha kwa mkono ni kazi ya siku nyingi. Skripti huimaliza kabla chai haijapoa. (Hati ya mwaka 2009 inayosema Maswa, Shinyanga ilikuwa sahihi siku iliyoandikwa, na aliye makini ataiacha hivyo na kuongeza safu ya pili ya mkoa wa sasa.)

Halafu kuna majira ya ramani, yaani zile namba za mashariki na kaskazini. Ukanda wote huu, kuanzia mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzia kwenye ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940, kupita mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, hadi ule wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, uko ndani ya kanda ya 36 Kusini ya mfumo wa UTM. Ila ramani za zamani zilichorwa kwa rejea ya Arc 1960, vipokezi vya GPS hutoa WGS 84, na nchi sasa ina rejea yake ya TAREF11. Nukta ile ile ikisomwa kwa Arc 1960 na kwa WGS 84 hutofautiana takribani mita 300. Kugeuza safu mbili za majira kwenye faili la mashimo elfu moja ni kazi ya skripti, na mara nyingi skripti hiyo hulitoa faili lote, hulipitisha kwenye programu nyingine, kisha hulirudisha. Tabia hii ya kutoa lote na kurudisha lote ndiyo adui mkubwa wa kasa.

Vihariri viwili vinavyotawala mjadala huu vina asili ya mbali, lakini kimoja kina mzizi upande wa pili wa ziwa letu. Emacs ilianza mwaka 1976 pale MIT, Marekani, na toleo la GNU la Richard Stallman likasambaa kuanzia 1985. Vim ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, ikiendeleza kihariri cha vi cha Bill Joy. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kujitolea kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira Kibaale, mji mdogo wa Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Aliporudi kwao alianzisha ICCF Holland kusaidia kituo cha watoto cha Kibaale, na badala ya kuuza programu yake akawaomba watumiaji wawachangie watoto hao. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Hadi leo anayefungua Vim bila faili huweza kukutana na ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda, na amri ya :help uganda inaeleza habari yenyewe. Anayeitumia Geita ana haki ya kujua kwamba programu hii ina deni kwa watu wa kandokando ya Ziwa Victoria.

Njia ya kwanza ya kulinda mahali, ambayo kila anayeanza huifikia mwenyewe, ni kukariri namba. Fankisheni inasoma kwamba kasa iko mstari wa 412, safu ya 18, inafanya kazi yake, kisha inarudi mstari wa 412, safu ya 18. Vim ina getpos na setpos kwa ajili hiyo. Njia hii inafaa pale tu ambapo mistari haiongezeki wala haipungui. Ikiwa skripti imefuta mistari mitatu mitupu iliyokuwa juu, mstari wa 412 wa sasa ni ule uliokuwa wa 415. Kukariri namba hapo ni kumwelekeza mgeni kwenye nyumba ya saba katika mtaa ambao usiku zimebomolewa tatu za mwanzo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kasa inatua mahali panapofanana kabisa na pale ilipotoka, na kwenye jedwali la sampuli hakuna cha kumshtua mtu.

Safu nayo ina mtego wake, na mtego huo unaonekana vizuri kwenye jina la Nyang'hwale. Jina hilo huingia kwenye mafaili kwa sura nyingi: kuna waandikao kwa alama iliyonyooka, kuna ambao programu ya ofisi imewabadilishia alama ikawa ya kupinda, na kuna wasioweka alama kabisa. Atakayetafuta sura moja atakosa nyingine, kwa hiyo skripti ya kuzisawazisha ni ya lazima. Sasa, katika usimbaji wa UTF-8, alama iliyonyooka huchukua baiti 1 na ile ya kupinda huchukua baiti 3. Vim huhesabu safu kwa baiti. Kila Nyang’hwale yenye alama ya kupinda iliyo kabla ya kasa kwenye mstari huo ikinyooshwa, namba ya safu iliyohifadhiwa inapitiliza kwa 2. Mistari haijaongezeka, hakuna herufi iliyofutwa, na bado kasa inarudi herufi mbili mbele ya pale ilipokuwa. Emacs huhesabu herufi, kwa hiyo kubadilisha herufi moja kuwa nyingine moja hakuitikisi. Itifaki ya LSP, ambayo vihariri vingi sasa huitumia kuzungumza na programu za lugha, ilianza mwaka 2016 kwa kuhesabu vipande vya UTF-16, na toleo lake la 3.17 la mwaka 2022 ndilo lililoruhusu pande mbili zikubaliane kipimo kingine. Anayehamisha namba ya safu kutoka programu moja kwenda nyingine bila kuuliza imehesabiwa kwa kipimo gani anabahatisha.

Njia ya pili ni kuhifadhi sura nzima ya dirisha. Kwenye Vim ni mistari miwili: let v = winsaveview() mwanzoni, call winrestview(v) mwishoni. Hapo panahifadhiwa mstari na safu, na pia mstari wa juu kabisa unaoonekana, kiasi ambacho dirisha limesogezwa pembeni, na hata safu ambayo kasa ingependa kuirudia inapopanda au kushuka kupitia mistari mifupi. Hii ndiyo njia ninayoiona ikipendekezwa zaidi, na kwa kazi zisizobadilisha idadi ya mistari inastahili sifa zake, kwa sababu inajali jicho. Mtu anayehama baina ya karatasi na kioo hasomi namba ya mstari, anakumbuka kimo. Kasa ikirudi kwenye mstari sahihi lakini mstari huo ukawa umehamia chini ya kioo, kidole na jicho vimeshaachana. Hata hivyo winsaveview nayo inakariri namba, na udhaifu wa nyumba ya saba inao.

Njia ya tatu inabadilisha swali lenyewe. Mahali panaacha kuwa namba, panakuwa alama iliyopandwa ndani ya maandishi, ambayo maandishi yakisukumwa nayo inasogea. Emacs imejengwa juu ya wazo hili. Agizo lake la save-excursion hupanda alama pale kasa ilipo, huiacha fankisheni ifanye yake, kisha hurudi penye alama, popote itakapokuwa imesukumwa. Ukifuta mistari mitatu juu, alama inapanda mistari mitatu. Na hurudi hata fankisheni ikikatika katikati kwa hitilafu, jambo ambalo anayeandikia Vim lazima alifanye mwenyewe kwa try na finally. Vim ina alama pia: ukiandika ma, mstari huo utafuatwa mistari ya juu yake ikiongezeka au kupungua, ila safu haifuatwi, na mstari wenyewe ukifutwa alama inakufa. Sifa za maandishi zilizoongezwa Vim 8.1 mwishoni mwa 2018, na alama za ziada za Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, zinafuata hadi ngazi ya herufi. Hizo za Neovim, na za Emacs pia, humruhusu mwandishi aamue jambo ambalo wengi hawalifikirii: maandishi mapya yakiingizwa pale pale penye alama, alama ibaki kabla yake au isogee baada yake?

Lakini alama hukaa kwenye maandishi, na maandishi yakiondolewa yote haina pa kukaa. Hapa ndipo ile tabia ya kutoa lote na kurudisha lote inapouma. Kwenye Emacs, faili likifutwa na kuandikwa upya, alama zote huporomoka hadi herufi ya kwanza, na save-excursion inarudi juu kabisa ya faili kwa utiifu wote. Kwenye Vim, amri ya %!sort inamwacha mtu mstari wa kwanza. Dawa iliyopatikana ni kulinganisha maandishi ya zamani na mapya, kisha kugusa vile vipande tu vilivyotofautiana. Emacs 26.1 ya mwaka 2018 ilileta replace-buffer-contents kwa kazi hiyo, na toleo la 27.1 likaongeza kikomo cha muda na gharama, kwa kuwa kulinganisha mafaili makubwa yaliyotofautiana sana huchelewa mno. LSP ina nafasi ya hilo katika muundo wake, kwani programu ya lugha inayopanga faili inaweza kutuma orodha ya marekebisho madogo. Na wapo wanaopanga msimbo waliobeba mzigo wenyewe: clang-format hupokea mahali pa kasa na kurudisha mahali papya, na Prettier ina formatWithCursor. Nawapongeza. Anayejua maandishi yamehamia wapi ni yule aliyeyahamisha.

Kwa majedwali ya sampuli, hata hayo hayatoshi. Chukua kupanga upya. Faili lililokuwa kwa mpangilio wa tarehe linapangwa kwa namba ya shimo. Kila mstari umeng'olewa na kupandwa kwingine, na mlinganisho wa vipande hauwezi kujua kwamba mstari uliotoka pale ndio uliotua huku. Kinachobaki na utambulisho ni namba ya sampuli. Kwa hiyo njia ninayoiamini kwa kazi hizi ni hii: fankisheni isome namba ya sampuli kwenye mstari ulipo, ipime kasa iko mistari mingapi kutoka juu ya dirisha, ifanye kazi, itafute namba ile ile, iweke kasa hapo, kisha isogeze dirisha mpaka umbali ule urudi. Namba ya shimo haifai, kwa kuwa shimo moja lina mistari mingi. Namba ya sampuli inafaa, maana hata sampuli rudufu za ukaguzi wa ubora hupewa namba zake. Na kama mstari wenyewe ulikuwa miongoni mwa iliyofutwa, fankisheni isijifanye imerudi. Ikae kwenye mstari wa karibu uliosalia na iseme wazi kwamba sampuli fulani haipo tena.

Kuliko zote, bora ni kutosogeza kasa tangu mwanzo. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Vim ina getline na setline, zinazosoma na kuandika mstari wowote kasa ikiwa imetulia. Ina substitute, inayobadilisha maneno kwenye kigezo bila kugusa dirisha. Na fankisheni yake ya search ikipewa herufi n hutafuta bila kwenda. Neovim ina nvim_buf_set_text, inayogusa herufi zile tu unazozitaja. Skripti iliyoandikwa hivi ina mistari michache zaidi ya ile iliyorekodiwa kwa kubonyeza vitufe, lakini haina cha kurejesha. Skripti nyingi zinazozunguka kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine ni za kurekodiwa, na ndizo zinazowatupa watu.

Yapo mambo ya pembeni nayataja kwa haraka. Kutengua ni moja: ukitengua mabadiliko ya mkupuo kwenye Vim, kasa hupelekwa kwenye mstari wa juu uliobadilishwa, hata kama fankisheni yenyewe ilikurudisha vizuri, kwa hiyo ulinzi wa kwenda hauhakikishi ulinzi wa kurudi. Dirisha la pili ni lingine: winsaveview na save-excursion hazishughuliki na faili hilo hilo lililofunguliwa pembeni. Na kukumbuka mahali baada ya kufunga faili ni suala jingine kabisa. Vim huandika mahali hapo kwenye viminfo inapofungwa, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla, faili la swapu, nakala ya muda ya Vim, linaweza kuokoa maandishi lakini mahali ulipofika hapajaandikwa popote.

Mzigo huu ni wa nani? Wapo wanaosema mtumiaji ajizoeze kubonyeza vitufe viwili vya kurudi alikotoka, na kweli Vim inavyo. Sikubaliani nao. Anayebonyeza vitufe hivyo ni yule aliyekwisha kugundua kwamba amehamishwa, na kwenye mafaili haya hatari iko kwa asiyegundua. Mwandishi wa fankisheni ndiye anayejua amefuta nini na ameongeza nini, na ndiye pekee anayeweza kumrudisha mwenzake bila kubahatisha.

Basi kijana unayeandikia wenzako skripti, uwe Kahama, Katoro au Shinyanga mjini, kabla hujawapa flashi ijaribu skripti yako mara tano. Weka kasa mstari wa kwanza. Weka mstari wa mwisho. Weka kwenye mstari ambao skripti itaufuta. Weka baada ya neno Nyang’hwale lenye alama ya kupinda. Kisha fungua faili hilo hilo kwenye madirisha mawili uiendeshe tena. Kila mara soma namba ya sampuli iliyo chini ya kasa, kabla na baada. Zikitofautiana hata mara moja, na skripti haijasema lolote, usiigawe.